Sahani ya Aliyebaki Ndani

Nasra mwanangu,

Uko chumbani unakunja nguo, mimi niko hapa barazani kwenye kiti cha baba yako, na kila ukipita kwenda bafuni unanichungulia ukidhani naandika vipimo vya wateja. Acha udhani hivyohivyo. Kesho basi la Iringa litakuchukua pale Kwa Mathias kwenda chuo, na haya nikikuambia kwa mdomo nitaanza kulia, kisha nitaanza kugomba, unanijua. Nimeona bora niandike.

Mambo ya blanketi na baridi ya huko sisemi. Shangazi yako ameshayasema, na mengine kayarudia mpaka umeziba masikio. Mimi nina jambo moja tu, nalo linaanzia kijijini Kurui, kwenye kile chumba cha uani kwa bibi yako.

Unakijua chumba, ila hukijui kama ninavyokijua mimi.

Zamani binti wa kwetu akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani. Ni mwali. Hatoki mchana, hacheki na watu, akiongea ananong'ona, akitazamwa anainamisha macho. Chakula analetewa palepale mkekani. Siku zikitimia anatolewa kwa ngoma, amepambwa, na watu wanamtunza. Dada yangu Mwanahamisi, mama yako mkubwa ambaye hukumkuta, aliingia chumba kile akiwa msichana wa vicheko. Alikuwa anaiga sauti ya kila mtu kijijini, hata shehe akikohoa kabla ya hotuba. Alitucheza shere wote, na hakuna aliyewahi kumkasirikia.

Siku ya kumtoa nilikuwa mdogo, nimekaa mbele kabisa. Akatokea mlangoni, jua la saa sita linampiga usoni, kanga mpya, mafuta yanang'aa. Nikamkonyeza kama tulivyozoea. Nasra, alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Ngoma inalia, wanawake wanapiga vigelegele, yeye kasimama tu, jasho linamwingia machoni wala hafuti.

Bibi mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Huyu hajatoka. Huyu kabaki ndani."

Neno likashika. Na usidhani lilikuwa la kupamba mazungumzo, walimaanisha hivyohivyo lilivyo: mwili umetoka, mwenyewe bado yuko mle mkekani. Bibi yako akaanza kupeleka chakula kwenye chumba kitupu, ili aliyemo asife njaa, na huku mwili wa Mwanahamisi umekaa nasi jikoni haugusi kitu. Akaitwa fundi wa kupunga pepo, ngoma zikapigwa. Mwanahamisi akazidi kupungua. Akawa anatembea bila kusikika, unachota unga unageuka unamkuta nyuma yako, hasemi neno. Korosho hazijaanza kudondoka, tukamzika. Watu wakasema homa, wakasema kachukuliwa, kila mtu akasema lake.

Bibi yako hakuacha kupeleka ile sahani. Ni ile ya bati yenye maua ya bluu, imebanduka ukingoni.

Zamu yangu ilipofika niliwekwa chumba hichohicho. Zikawa zinaletwa sahani mbili, yangu na yake. Yangu nilikula. Ya kwake sikuigusa, naapa. Nilikuwa najilaza mchana kwa joto, nikiamka ile ya maua iko tupu. Panya, paka, au bibi yako mwenyewe, mpaka leo sijauliza. Nilichofanya ni kutoka mle na mdomo usiofungwa. Unavyonisikia naongea na cherehani, naongea na sufuria, naongea hata na kuku wa baba yako, si bure. Mimi nikinyamaza nasikia kama kuna mtu kanyamaza pamoja nami.

Sasa utauliza: mama aliyeyaona yote hayo, ilikuwaje asinione mimi? Uliza, una haki. Jibu langu ni la aibu. Kimya cha Mwanahamisi niliambiwa ni pepo. Kimya chako niliambiwa ni adabu. Sikuwahi kuviweka vimya viwili hivyo pamoja nikavitazama.

Ulikuwa kidato cha tatu. Kwanza ulikuwa mkali. Nikikuuliza umekula, unanijibu kwa mlango. Ukaacha netiboli uliyokuwa unaipenda kufa. Mara kichwa, mara tumbo, nikakununulia dawa za maumivu, nikakupeleka kupimwa macho, macho mazima. Alama za shuleni zikaporomoka. Nikakutandika maneno siku hiyo mpaka majirani wakanyamaza kusikiliza. Nilikuita mvivu. Nilikuambia watoto wenye shida za kweli wapo na hawajifanyi malkia. Kisha ukanyamaza, ukaacha kupiga mlango, ukawa ndani tu, na mimi nikamshukuru Mungu, nikidhani maneno yangu yamefanya kazi.

Basi nikaanza kuvimba kichwa. Wateja wangu pale Kwa Mathias wakawa wananiambia, "Mama Nasra, binti yako simwoni barabarani, umelea." Na mimi nakanyaga cherehani, najibu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Nilisema hivyo, Nasra. Nilimwambia hata bibi yako kwa simu kwamba mjukuu wake kawa mwali wa zamani bila kuwekwa ndani na mtu, kajiweka mwenyewe. Bibi yako akafurahi.

Baba yako ndiye hakufurahi. Unajua baba yako, mtu wa huko kaskazini, mambo ya mwali hayajui. Jioni moja anaokota mayai akaniambia, "Mama Nasra, huyu mtoto hacheki siku hizi."

"Binti mkubwa achekecheke ili iweje? Wewe unajua nini mambo ya kwetu?"

Akaendelea na mayai yake. Halafu akasema, "Mimi kuku wangu akijitenga pembeni simsifii adabu. Namshika namtazama macho."

Nilikasirika. Nikamwambia mwanangu si kuku. Hatukusemezana mpaka chakula cha usiku kilipopoa.

Sasa nikukumbushe ile siku, maana sijui kama unaikumbuka. Nilifunga duka mapema, umeme ulikatika. Nikaingia nyumbani, nyumba imetulia vile inavyotulia saa nane za jua, hata kuku hawalii. Nikaita, "Nasra." Ukaitika chumbani, "Abee mama." Nikaanza kukuhadithia, naosha vyombo huku nakuhadithia, mteja fulani kaleta kitambaa kidogo anataka gauni la marinda. Kila nikisimama nasikia "abee mama." Nikaona raha, leo mwanangu ananisikiliza. Mpaka nikauliza swali. Nikasema, "Nikupakulie wali au utakula baadaye?" Ukajibu, "Abee mama."

Nikauliza tena. "Abee mama." Sauti ileile, kimo kilekile, haipandi haishuki.

Nikaacha bomba linamwagika. Nikafunua pazia la mlangoni kwako. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda umeelekea ukutani, sare ya shule mwilini, viatu mguuni, begi mgongoni. Hukuwa umerudi kutoka shule, Nasra. Hukuwa umekwenda. Tangu asubuhi nilipokuaga ulikuwa umekaa pale. Nilikuja mbele yako nikakuinamia, na macho yako yakanitazama kama ukuta unavyotazamwa. Nikayajua yale macho. Niliyaona mlangoni Kurui na jua la saa sita. Sauti yako ilikuwa imeachwa zamu kunijibu, mwenyewe hukuwepo.



Na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote. Ningekwenda hospitali, iko karibu. Mimi nikapiga simu Kurui. Bibi yako akasikiliza mpaka mwisho, akasema maneno niliyokuwa nayaogopa tangu utoto wangu: "Kabaki ndani huyo. Mlete tumwite." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Kuujua uchungu nilikuwa naujua. Dawa yake ndiyo sikuijua, nikakimbilia ile iliyomshinda dada yangu.

Tukakupeleka. Fundi angetoka kijiji cha Chole siku ya Alhamisi na ngoma zake, na kabla ya hapo ulitakiwa ukae kwenye chumba kile, kwenye mkeka, utulie. Wewe hukubisha. Uliingia kama mtu anayerudi kwake, ukakaa upande wa ukutani, upande aliokuwa akikaa Mwanahamisi. Hakuna aliyekuwa amekuambia upande gani. Nikatoka nikasema nakwenda kutafuta maji.

Miguu ya bibi yako ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo sahani nilipeleka mimi. Mbili. Yako wali na kisamvu cha nazi, ile ya maua vilevile. Alasiri nikaenda kutoa vyombo. Sahani yako haijaguswa, wali umeshakauka juu. Ya Mwanahamisi ilikuwa tupu, imefutwa hata mafuta.

Nilimletea bibi yako ile sahani. Akaishika, akaipapasa kwa kidole, akaanza kulia kwa furaha. "Kala. Mwanangu kala." Mzee wa watu, miaka yote ile anapeleka chakula. 

Kesho yake vilevile. Yako imejaa, ya marehemu tupu.

Nikarudi ndani nikakaa mkekani, nikafunga mlango nyuma yangu. Mle ndani joto, mwanga unaingia kwenye tundu za bati tu. Nikakuuliza, "Nani anakula chakula cha mama yako mkubwa?"

Nilidhani utasema abee. Ukasema, "Mimi."

"Na chako je? Mbona chakula ni kilekile, tumepakua sufuria moja?"

Ukasema, polepole, kama mtu anayemfafanulia mtoto, "Ile si yangu, mama. Ile ni ya mtu aliye hai."

Nasra, nimeogopa vitu vingi maishani mwangu, ila sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mchana ule. Sikumwogopa Mwanahamisi tena. Ningemkuta kakaa pale pembeni ningemsukuma nipite. Niliogopa kwamba mwanangu, mbele yangu, na akili zake timamu, alikuwa amejihesabu miongoni mwa wafu, na hakuna pepo aliyemwambia. Alikuwa amekaa na wazo hilo nyumbani kwangu, nyuma ya pazia langu, huku mimi nasifiwa dukani.

Nikakushika mkono tukatoka. Bibi yako akanifuata uani na mkongojo wake.

"Unamtoa kabla hajaitwa? Atabaki ndani, wewe mtoto."

"Mama, mmoja tulishamwacha humu. Huyu naondoka naye."

Ni maneno mabaya kumwambia mama mzazi, na niliyasema. Alikaa chini palepale mchangani. Tukapanda bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma nimekubana. Tumefika kwenye kile kilima cha mchanga, dereva akapunguza mwendo akageuza shingo, "Mama, mko wawili tu eti? Pikipiki inavuta kwa shida kama ina watu wengi." Nikamwambia aendeshe. Sikugeuka nyuma mpaka Kisarawe mjini.

Hospitali ya hapa Kibaha unaikumbuka mwenyewe, lakini hujui yaliyokuwa kichwani mwangu. Daktari yule mama wa miwani aliposema "sonona," nilishtuka kwamba kumbe kuna neno. Kitu kilichomla dada yangu kina jina, kina dawa, kina kadi ya kliniki. Nikamuuliza nani kamtia mwanangu ugonjwa huo. Akasema hakuna aliyemtia, na mtoto hakuuchagua, ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Nilitaka sana awepo mtu wa kumlaumu. Akaniambia kwa vijana unakuja na sura nyingi, mwingine hasira, mwingine maumivu ya tumbo, mwingine utamwona mtiifu tu. Nikatazama chini.

Halafu akakugeukia, akakuuliza mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kama umewahi kuwaza kufa.

Nikadakia, "Daktari, tafadhali usimtie maneno mtoto."

Na wewe ukasema, "Nimewaza, mama. Muda mrefu tu."

Daktari akaniambia kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana, ila kunampa mlango mwenye nalo. Ulilia siku hiyo, kilio cha kwanza tangu sijui lini, kamasi na kila kitu. Nikakupa ncha ya kanga yangu. Sijawahi kupenda sauti ya kilio namna ile.

Haikuwa rahisi. Vidonge vilikulaza kwanza, mazungumzo na yule dada wa ushauri ulikuwa unayachukia, na baba yako akawa anakaa nje ya pazia lako jioni bila kusema kitu, anakaa tu, anasikiliza redio kwa sauti ndogo. Ukaanza kumwambia abadilishe stesheni. Tukaona nuru.

Halafu mwaka uliofuata, mitihani ya majaribio imekaribia, ulikuja dukani kwangu mchana watu wamejaa. Ukasimama pembeni ya cherehani ukasema, "Mama, imerudi." Na mimi, badala ya kukukumbatia, nikasema, "Si ulipona?" Nilikuona uso ukijifunga. Lilinitoka tu. Nilikufuata mpaka kituoni mbele ya makondakta, nimeacha duka wazi na pini mdomoni, nikakuomba radhi. Neno hilo la "si ulipona" usimkubalie mtu yeyote akuambie, hata mimi. Unaweza kupona na ikarudi, na ukapona tena. Wewe ulikuwa hodari siku ile kuliko mimi, ulikuja kusema mwenyewe kabla sauti haijaachwa zamu.

Hilo ndilo jambo langu, Nasra. Iringa hakuna pazia nitakalofunua. Nitapiga simu, utasema "niko poa mama," na mimi sitajua nani kaitika. Nisamehe, sauti yako peke yake siiamini tena. Nimejidanganya kwamba sasa nina macho ya kuona, lakini kwenye simu nitaona nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe una kipaji cha kuficha, umekirithi kwetu, tumekufundisha kuinamisha macho vizazi na vizazi tukaita malezi. Kwa hiyo nakuomba, sikuamrishi. Siku chakula chako kikianza kuonekana cha mtu mwingine, niambie siku hiyohiyo. Mwambie mwenzako wa chumbani, mwambie daktari wa chuo, mwambie mtu yeyote mwenye miguu ya kukufikia. Usingoje uwe na maneno mazuri. Sema "imerudi," inatosha. Nitapanda basi lolote. Sitakuja na ngoma wala na maneno, nitakuja kukaa nje ya mlango na redio ya baba yako.

Wiki iliyopita tulipokwenda Kurui kuaga, nilikuwa nakuchunguza, najua uliniona. Bibi yako kapeleka sahani chumbani kama kawaida yake. Tumekaa uani kwenye sinia, wewe ukainuka ukaingia mle. Ukatoka nayo mkononi, ile ya maua, ukaimimina katikati ya sinia. Ukasema, "Bibi, na yeye atoke, aje ale na wenzake." Bibi yako alikutazama sana. Nikadhani atakulaani. Akamega tonge pale ulipomimina, akala, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Sijui kama leo kampelekea tena. Sitamuuliza.

Magharibi imeshapita. Sasa hivi nimekuita, nilitaka tu kusikia. Hukusema abee. Umesema, "Mama na wewe, si unaona nafunga begi, unanichelewesha." Kwa ukali, na mlango ukaupiga. Mtoto wa watu mwingine angechapwa. Mimi nimekaa hapa nacheka peke yangu na machozi yananitoka. Nenda nao huo ukorofi, mwanangu, usiuache nyumbani.

Kesho jioni chumba chako kitakuwa kitupu. Najijua, mkono wangu utapakua sahani tatu kwa mazoea. Ya tatu nitairudisha kwenye sufuria. Chumbani mwako sitapeleka kitu, kwa sababu mle ndani hakutakuwa na mtu. Wewe umetoka.

Mama yako.